Kutotolesha Kware Pwani (3): Unyevu Ndani ya Mashine

Wiki iliyopita tuliishia kwenye joto: nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Leo tuingie kwenye unyevu, jambo linalowatesa wafugaji wengi wa ukanda wetu, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo mjini. Kifaranga anakua vizuri, kisha siku ya 17 anafia ndani ya ganda, amevimba, na ute umemjaa puani.

Maelekezo mengi yanayokuja na mashine yanasema jaza maji tangu siku ya kwanza. Aliyeyaandika hakuijua hewa ya Bagamoyo.

Hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji, uwezo wake wa kubeba mvuke hupanda, hivyo asilimia ya unyevu hushuka. Chukua mchana wa Machi, nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, shati limegandamana na mgongo. Hewa hiyo hiyo ikifika nyuzi 37.5 ndani ya mashine, unyevu wake huwa kama asilimia 53. Yai la kware katika siku 14 za mwanzo linahitaji asilimia 45 hadi 50 hivi. Kwa hiyo mashine isiyo na tone la maji imeshatosheka, tena imezidi kidogo. Wakati wa kusi mambo hubadilika: asubuhi ya Julai yenye nyuzi 24 na unyevu asilimia 75 hukupa asilimia 35 tu ndani, na hapo kisahani kidogo cha maji kina kazi. Ukisogea bara, Chalinze kwenda mbele, hewa ya kiangazi ni kavu zaidi, kwa hiyo usimwige shemeji yako wa Morogoro hata kama vifaranga wake wanatoka wote.

Kwa nini tujali? Yai lazima lipoteze maji kupitia vitundu vya ganda ili chumba cha hewa kwenye ncha butu kipanuke. Humo ndimo kifaranga huvuta pumzi yake ya kwanza kabla ya kudonoa ganda. Maji yasipotoka, chumba hubaki kidogo naye huzama.

Kwa mayai ya kuku tungemulika kwa tochi. Ganda la kware lina madoa mengi, na jicho hudanganyika. Mimi naamini mizani ya jikoni kuliko kifaa chochote. Pima trei nzima kwa pamoja: mayai 30 ya gramu 11 ni gramu 330, ukiondoa uzito wa trei. Hadi siku ya 14 yanapaswa kupungua kwa asilimia 11 hadi 13, yaani yabaki karibu gramu 290. Siku ya 7 yawe yamekaribia 310. Yakiwa mazito kuliko hapo, ondoa maji; yakiwa mepesi, ongeza. Ukitaka kuongeza, tumia chombo kipana, kwa sababu kinachotoa mvuke ni uso wa maji, kina hakisaidii. Matundu ya hewa usiyazibe kamwe kwa ajili ya kubana unyevu, maana viumbe vilivyomo vinapumua.

Vipima unyevu vya bei rahisi hukosea sana. Kijaribu chako: chumvi iliyoloweshwa hadi iwe kama uji mzito, ndani ya kopo lililofungwa pamoja na kipimo. Baada ya saa kadhaa kisome asilimia 75. Tumia chumvi safi ya mezani. Ile ya mawe kutoka mashamba yetu ya chumvi ina magnesi, na itakupotosha.

Siku ya 14 au 15 unaacha kugeuza mayai, na hesabu inageuka. Sasa tunataka asilimia 65 hadi 70, ili utando usikauke ukamnasa kifaranga anapojizungusha kutoka. Hata hewa yetu nzito haifiki huko yenyewe. Weka maji na sifongo, kisha acha mfuniko. Kila unapoufunua kuchungulia, unyevu unaporomoka, na yai dogo namna hii hukauka haraka. Waliokwisha kutoka wanaweza kukaa humo hadi saa 24 bila chakula. Kiini walichokifyonza kinawatosha.

Chombo cha maji kifunike kwa wavu au kijaze kokoto. Kifaranga wa kware ana ukubwa wa kidole gumba, na sentimita moja ya maji inatosha kumuua.

Wiki ijayo: joto la bruda.