Kuporomoka kwa Ardhi Katika Mabonde ya Nairobi

Wenyeji wengi wa Nairobi hudhani kwamba maporomoko makubwa ya ardhi ni mambo ya milimani tu, kama yale yaliyoua watu zaidi ya 40 Pokoti Magharibi mnamo Novemba 2019. Ni kweli kwamba katikati ya mji ni tambarare. Lakini atokaye mjini kuelekea magharibi, kwa njia ya Westlands hadi Kangemi, au Kilimani hadi Kawangware, huona nchi ikipanda na kukatwa na mabonde ya mito. Tena Aprili 2012 watu wa bonde la Mathare waliangukiwa na majabali kutoka ukingoni, na baadhi yao wakafa.

Mawe ya upande huo wa magharibi yalitokana na volkeno zamani sana. Yale ya juu yameoza kwa mvua na jua yakawa udongo mwekundu. Udongo huo ukiwa mkavu huweza kusimama wima kama ukuta, na hapo ndipo udanganyifu wake ulipo: mchimbaji huona ukingo umesimama kiangazi chote, akadhani utasimama daima. Zijapo mvua za masika, Machi hadi Mei, maji hupenya kati ya chembe za udongo. Udongo huzidi uzito, na maji yakikosa njia ya kutoka huzisukuma chembe zisishikane. Pengine ukingo huanguka siku kadhaa baada ya mvua kukatika, kwa kuwa maji yangali yakishuka ndani.

Binadamu naye huongeza hatari. Akataye chini ya mteremko apate kiwanja huondoa kilichokuwa kikiutegemeza. Amwagaye kifusi juu yake huuongezea mzigo. Na bomba livujalo hufanya kazi ya mvua mwaka mzima. Mashimo marefu yachimbwayo kwa ajili ya maegesho chini ya majengo hapana budi kingo zake zishikizwe kadiri uchimbaji uendeleavyo, wala mfanyakazi asitumwe chini ya ukingo usiotegemezwa. Ukuta wa mawe usio na matundu ya kutolea maji haufai, hata uwe mnene namna gani. Maji hujikusanya nyuma yake na kuusukuma. Miti ni mizuri, lakini mizizi hushika udongo wa juu tu, na maporomoko makubwa huanzia chini zaidi.

Dalili zajulikana: ufa uliofuatana na ukingo, nguzo iliyoinama, mlango uliokuwa ukifunga vema na sasa wakwama, au chemchemi mpya ya maji ya matope. Ufa usizibwe tu na kusahauliwa. Vigingi viwili vikipigwa, kimoja kila upande, na nafasi iliyo kati yake ikipimwa kila asubuhi, itajulikana kama ardhi yatembea. Nafasi ikizidi, watu wa juu na wa chini waondoke siku hiyo hiyo, vyombo vibaki.

Utabiri wa mvua kubwa hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner. Msaada wa dharura huombwa kwa simu namba 999 au 112.