Mwache arudi kwa Bwana Msa

Binti yangu amesoma hadithi nne mwaka huu, zote za Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Alianza na Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha 1960. Alipofika Siri ya Sifuri nikamuuliza, "Huchoki na mtu yule yule?"

"Mama, Bwana Msa sasa namjua. Nataka nimgundue mkosaji kabla yake."

Nikanyamaza. Mwaka juzi mtoto huyu alikuwa hafiki ukurasa wa kumi. Kumbe kurudi kwa mwandishi mmoja kunampunguzia mzigo: mpelelezi na kiko chake anamfahamu, rafiki yake Najum anamfahamu, hata Kiswahili cha Unguja ameshakizoea. Nguvu inayobaki anaitumia kufikiri.

Mzazi, usimnyang'anye. Muulize anamshuku nani, na kwa nini. Baadaye mjaribishe Kuli cha Adam Shafi, Mzanzibari mwingine, kinachohusu wachukuzi wa bandarini. Asipokipenda, mrudishie Bwana Msa wake.

Mimi nami nimeanza Kisima cha Giningi. Jana usiku tulikigombania.