Tunaposafiri Likizo, Paka wa Nyumbani Tunamwachia Nani?

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), Aali zake na Swahaba zake.

Baada ya darsa moja ya jioni tuliulizwa swali na mama mmoja. Skuli zilipofungwa, familia yake ilifunga nyumba mjini ikaenda Pemba kwa wiki mbili. Paka wao alikuwa amelala chini ya kitanda, na hakuna aliyemkumbuka mpaka boti ishaondoka. Wakaambiana kwamba paka hakosi panya, atajitafutia. Waliporudi walimkuta amekufa nyuma ya mlango. Mama huyo alitaka kujua kama kuna kafara.

Tulimjibu kwamba hakuna kafara maalumu iliyowekwa kwa jambo hili, si kufunga wala kulisha masikini. Linalowapasa ni toba ya kweli, na wakitoa sadaka ni vizuri. Kusahau kwenyewe Allaah ametusamehe. Lakini walipokumbuka, wakiwa na simu mkononi na majirani mtaani, wakaamua kumwacha, hapo pana la kuulizwa. Kufuli huvunjwa ikanunuliwa nyengine.

Ndugu zetu wote wanaijua Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, iliyopokewa na Al-Bukhari na Muslim. Tumezoea kuisimulia kwa watoto chuoni, lakini tuiangalie vizuri. Haikutajwa kwamba mwanamke yule alimpiga paka wala kumchoma moto. Alimfungia. Hakumpa chakula wala maji, na hakumwachia akale wadudu wa ardhini. Yaani alikuwa na njia mbili za kuokoka, kumlisha au kumwachia, akazifunga zote. Basi nyumba iliyofungwa madirisha kwa wiki mbili ina tofauti gani na kifungo kile?

Wapo wanaodhani kumlisha mnyama ni hisani tu, ukitaka unafanya na usipotaka huna lawama. Sivyo. Katika Minhaj ya Imamu An-Nawawi, kitabu kinachosomeshwa hapa kwetu tangu zamani, chakula na maji ya mnyama vimewekwa ndani ya mlango wa nafaka, mlango ule ule wa nafaka ya mke na watoto. Mwenye mnyama asipotaka kumlisha hulazimishwa amlishe au amuuze, na akiwa ni mnyama wa kuliwa, amchinje. Safari haiondoi wajibu huu, kama isivyoondoa nafaka ya mke aliyebaki nyumbani.

Sasa tuje kwenye matendo. Likizo ya Disemba inatukuta katika kaskazi, na joto lake tunalijua. Maji ni muhimu kuliko chakula. Jirani aachiwe ufunguo na aelezwe waziwazi kwamba ameachiwa amana, siyo kuambiwa tu "tuangalilie nyumba". Aje kila siku, abadilishe maji, atie chakula kidogo kidogo, kwa sababu dagaa la jana katika joto hili limeshaharibika. Aachiwe na pesa ya kununulia. Hatuoni haya kumpa mtu mzigo wa paka wetu tukaona haya kumpa shilingi elfu chache za kitoweo?

Kabla ya kufunga mlango, kila chumba na kila kabati liangaliwe, maana paka hupenda kulala pasipoonekana. Wala tusiache sumu ya panya ndani ya nyumba yenye paka, kwani anayekula panya aliyekula sumu naye hudhurika. Mbuzi asifungwe kamba fupi juani. Kivuli cha asubuhi kwa saa sita mchana kimeshahama. Njiwa na ndege wa tunduni ndio wanaoteseka zaidi, hawana hata pa kukimbilia.

Anayetaka kwenda naye paka wake aulize mapema ofisi ya mifugo ya wilaya na wenye chombo kuhusu taratibu za kusafirisha mnyama. Amtie kwenye kikapu au tenga linalopitisha hewa, na asimweke chini ya mizigo.

Kuna jambo linatuudhi zaidi. Wengine, safari ikikaribia, huwatia watoto wa paka kwenye gunia wakaenda kuwamwaga sokoni au pwani, wakisema wamewaachia huru kama ilivyo katika Hadithi. Kumwachia kulikotajwa ni kwa mnyama awezaye kujitafutia. Kitoto cha siku kumi ambacho hata macho hakijayafungua vizuri kitatafuta nini? Na katika Hadithi ya Abu Dawud, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliamrisha makinda yarejeshwe kwa mama yao, alipomwona ndege anahangaika.

Hapa ndipo wanapoingia wale wanaookota wanyama, kuwatibu na kuwalisha. Wapo visiwani mwetu, na wengi huwatazama kama watu wasio na kazi. Mtume ametufundisha kwamba kumnywesha kila chenye uhai kuna ujira, na aliyesamehewa kwa tendo hilo alimnywesha mbwa. Mbwa kwetu Mashafii ni najsi, anapogusa pakiwa na umajimaji tunaosha mara saba, moja kwa udongo, na kikavu kwa kikavu hakinajisi. Lakini najsi si ruhusa ya kumpiga mawe. Mbwa na paka wachanjwe kichaa cha mbwa, na aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni robo saa, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Je, wanaohudumia wanyama wapewe zaka? Hapana. Zaka ina watu wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba, na mnyama hayumo. Wapewe sadaka, vyakula, dawa, hata magazeti makuukuu ya kutandika.

Tumeulizwa pia kuhusu kuhasi paka, kwani vituo vingi hufanya hivyo. Imamu An-Nawawi amekataza kuhasi mnyama asiyeliwa. Wanavyuoni wa Kihanafi wameruhusu penye manufaa, na baadhi ya maulamaa wa zama hizi wameruhusu kwa paka waliozidi, kwa sharti wasiteswe. Kwa kuona gunia lile la pwani, tunaelemea kauli hii ya pili, pale anapofanya daktari wa mifugo na kwa ganzi. Anayeshika kauli ya An-Nawawi hatumlaumu, ila naye awalishe watakaozaliwa.

Wa Allaahu a'lam.