Kabla ya Kununua Mashine, Uliza Gemu Imetoka Wapi

Mwishoni mwa 2025, madukani Marekani, PlayStation 5 yenye sehemu ya diski iliuzwa dola 549.99, Xbox Series X dola 649.99 na Switch 2 ya Nintendo dola 449.99. Mbili za kwanza zinakaribiana sana kwa nguvu, na gemu nyingi kubwa za mpira, magari na vita zinatoka kwenye zote mbili. Kinachomfanya mtu achukue hii na kuiacha ile ni gemu chache ambazo hazipatikani kwingine. Basi sehemu kubwa ya pesa yako inalipia ahadi, kwamba gemu uipendayo itabaki hapo na toleo lijalo litatoka hapohapo. Ahadi hiyo haina uzito sawa kwa kila kampuni. Ukitaka kuipima, chunguza gemu imepatikanaje: imezaliwa ndani ya kampuni, imenunuliwa pamoja na watengenezaji wake, au imekodiwa kwa muda.

Kwa Nintendo mambo yako wazi. Chukua Splatoon. Katika majaribio ya mwanzo, ndani ya Nintendo yenyewe, wachezaji walikuwa vibonge tu vyenye umbo la tofu, vyeupe na vyeusi, vikirushiana wino uwanjani na kugombea eneo. Mhusika hakuwepo, hadithi haikuwepo. Kilichokuwepo ni raha ya kupaka wino na kujificha ndani yake. Watengenezaji wakajaribu sungura, kisha wakafika kwa ngisi, mnyama ambaye wino ni wake tangu asili. Gemu ikatoka 2015 kwenye Wii U, mashine iliyouzwa vibaya, na bado jina likakua: Splatoon 3 ya 2022 iliuza nakala milioni 3.45 Japani peke yake katika siku tatu za kwanza. Gemu kama hiyo haina mkataba wa kuisha wala mshirika wa kudai mgawo. Ukiitaka, utanunua mashine ya Nintendo, leo na miaka kumi ijayo.

Hata Nintendo wanaponunua studio, hununua kidogo kidogo na kwa subira. Studio ya Monolith Soft waliichukua kutoka Namco Bandai mwaka 2007, na matunda yake, Xenoblade, yakaonekana 2010. Bayonetta inaonyesha njia nyingine. Jina ni mali ya Sega, na gemu ya kwanza ilitoka kwenye PlayStation na Xbox, lakini sehemu ya pili ya 2014 iligharamiwa na Nintendo, kwa hiyo ikabaki kwao. Anayetoa pesa za kazi ndiye anayeshika mlango, hata kama jina si lake.

Gharama ya uaminifu huo ni kwamba bei haishuki. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ilitoka Machi 2017 kwa dola 59.99, na miaka mingi baadaye bei rasmi ilikuwa ileile. Mario Kart World ya 2025 ni dola 79.99. Linganisha na God of War ya Sony iliyotoka 2018: kufikia Oktoba 2019 ilikuwa imeshuka hadi dola 19.99. Mtu anayenunua gemu nne kwa mwaka, bila haraka, ataona tofauti hiyo mfukoni mapema kuliko tofauti ya bei ya mashine.

Sony hupenda kuchumbia kabla ya kuoa. Insomniac walitengeneza gemu za PlayStation tangu miaka ya 1990 wakiwa huru, hata wakawafanyia Microsoft kazi moja mwaka 2014. Sony waliwanunua 2019 kwa dola milioni 229, baada ya Spider-Man kufanya vizuri. Kwa thamani iliyopatikana, naona huo ni ununuzi wa busara kuliko mwingi uliofuata. Kumbuka tu kwamba Spider-Man mwenyewe ni wa Marvel, na Sony wanamtumia kwa leseni. Gemu ya Horizon ni tofauti. Guerrilla, studio ya Amsterdam iliyonunuliwa 2005, ilikaa miaka mingi na gemu za vita za Killzone kabla ya kutoa jina jipya kabisa mwaka 2017, na jina hilo ni mali ya Sony.

Kuzaa jina jipya ni kamari. Concord, gemu ya Sony ya dola 40, ilitoka 23 Agosti 2024 na kuondolewa sokoni 6 Septemba, wateja wakarudishiwa pesa. Mwezi uliofuata studio yake ikatangazwa kufungwa. Kwa mnunuzi somo ni dogo lakini lina faida: usinunue mashine kwa ajili ya gemu ambayo haijatoka.

Kingine cha kujua kuhusu Sony ni kwamba gemu zao nyingi zimeishia kwenye kompyuta. Ghost of Tsushima ilichukua karibu miaka minne, 2020 hadi 2024. Spider-Man 2 ilichukua miezi 15. Mwenye kompyuta nzuri ya gemu na subira anaweza kuziacha pesa za PS5 benki, ingawa kwetu Afrika Mashariki ajihadhari. Helldivers 2 ilipotoka Februari 2024 ilikuwa kwenye PS5 na kompyuta siku moja. Mwezi Mei Sony wakataka kila mchezaji wa kompyuta awe na akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, katika nchi na maeneo 177 ambako huduma ya mtandao ya PlayStation haipo rasmi. Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zisizo na huduma hiyo, ndiyo maana vijana wetu wengi hufungua akaunti za Afrika Kusini, Uingereza au Marekani. Wachezaji walipiga kelele, Sony wakaacha sharti hilo. Agosti 2025 gemu hiyohiyo ikaingia Xbox.

Sasa Microsoft, na hapa nina neno kali zaidi. Halo, jina lililoijenga Xbox, lilinunuliwa: gemu ilionyeshwa kwanza kwenye jukwaa la Apple mwaka 1999, mwaka uliofuata Microsoft wakaichukua studio ya Bungie, na 2001 ikatoka pamoja na Xbox ya kwanza. Bungie walipojitenga 2007, jina lilibaki kwa Microsoft. Gears of War nayo ilinunuliwa kutoka Epic mwaka 2014. Baadaye viwango vikapanda kupita kiasi: dola bilioni 7.5 kwa kampuni mama ya Bethesda, kisha bilioni 68.7 kwa Activision Blizzard, iliyokamilika Oktoba 2023 baada ya vita na wasimamizi wa ushindani wa Marekani na Uingereza. Ili kuupitisha ununuzi huo, ilibidi waahidi kwamba Call of Duty itabaki PlayStation kwa miaka kumi.

Pesa kama hizo hazirudi kwa kuuza gemu kwenye mashine moja, tena mashine iliyo nyuma ya wenzake kwa mauzo. Ndiyo maana 2025 Forza Horizon 5 na Gears of War zikaonekana PS5, na Oktoba Halo yenyewe ikatangazwa kwa PS5 mwaka 2026. Mtu aliyenunua Xbox kwa ajili ya majina hayo ana haki ya kukasirika. Kilichobaki ni Game Pass, huduma ya gemu ya kulipia kila mwezi, na daraja lake la juu lilipanda Oktoba 2025 kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Kwa bei hiyo, mwaka mzima ulikuwa karibu dola 360, pesa iliyotosha gemu tano mpya za dola 70. Kwa bei kama hiyo, ukimaliza chini ya gemu tano kwa mwaka, huduma hiyo inakula pesa yako.

Gemu za kukodi hazihitaji maneno mengi. Rise of the Tomb Raider ilitangulia Xbox mwaka 2015, na baada ya mwaka hivi ikawa PlayStation. Final Fantasy XVI ilianza PS5 Juni 2023, ikafika kompyuta Septemba 2024 na Xbox Juni 2025. Usibadilishe mashine kwa ajili ya hizo.

Kwa hiyo mwenye watoto, au anayependa Mario na Zelda, achukue Nintendo, ila asome ganda la gemu kwanza. Baadhi ya kadi za Switch 2 ni ufunguo tu, na gemu yenyewe hupakuliwa kwa bando lako. Anayetaka gemu kubwa za hadithi achukue PS5 yenye diski, hata kama ile isiyo na diski ni dola 50 chini, kwa sababu diski unaweza kuiuza, kuiazima au kubadilishana na jirani, na haiulizi akaunti yako imesajiliwa nchi gani. Xbox Series X kwa dola 649.99 nisingeinunua.