Chembe za nyota katika damu ya mwanao

Kiangazi kikishika Chidya, wilayani Masasi, vumbi huingia hadi ndani ya sufuria. Karibu lote ni udongo wa hapohapo. Lakini zimo pia chembe chache mno, zisizoonekana kwa macho, zilizotoka angani. Maelfu ya tani za vumbi la namna hiyo huangukia dunia kila mwaka.

Tanzania ina ushahidi wake. Desemba 16, 1938, kimondo kilianguka Ivuna, ambako leo ni Mkoa wa Songwe. Vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705 tu, lakini ni adimu kiasi kwamba kundi zima la vimondo vya aina hiyo limepewa jina la Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5 hivi za mchanga kutoka sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, wanasayansi waliukuta unafanana na jiwe la Ivuna.

Jiwe hilo lina udongo wenye maji, kaboni, na chembe ndogo mno za almasi na za mchanganyiko wa silikoni na kaboni. Baadhi ya chembe hizo ni za kale kuliko jua, lenye miaka bilioni 4.6. Zilitokana na nyota zilizozeeka: gesi yake ilitoka nje, ikapoa, ikaganda kuwa chembe, kama masizi yanavyotokana na moshi wa kibatari.

Mzazi hilo linamhusu nini? Madini ya chuma yaliyo kwenye damu ya mtoto nayo yalitengenezwa na nyota kabla dunia haijakuwepo. Mwili hauwezi kuyaunda, lazima yaliwe. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 nchini wana upungufu wa damu. Ukosefu wa chuma ni moja ya sababu, pamoja na malaria na minyoo.

Mpe mtoto dagaa, maini, kunde, mbaazi na kisamvu. Ongeza embe, papai au bibo lililoiva msimu wa korosho, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Chai isiandamane na chakula, huzuia. Viganja vikipauka au mtoto akichoka upesi, mpeleke zahanati apimwe damu. Usimpe vidonge vya chuma kwa kukisia.