Kama cheti kimeandikwa ‘maumivu ya misuli’, uliza swali moja zaidi

Mgonjwa anapotoka kwa daktari huangalia vitu viwili kwenye cheti chake: dawa alizoandikiwa na siku ya kurudi. Pembeni ya jina la maradhi mara nyingi huwa kuna herufi na tarakimu, kwa mfano M79.1, ambazo wengi hawazishughulikii. Wiki hii naomba tuziangalie. Kwa anayeumwa na misuli, au mzazi mwenye mtoto anayeumwa na misuli, zinaweza kuonesha kama maradhi yameshajulikana au bado yanatafutwa.

Hiyo ni namba ya maradhi, ambayo wataalamu huiita msimbo. Mwaka 1893 Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo ili nchi mbalimbali zihesabu kwa namna moja. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilichukua jukumu la orodha hiyo, na leo inajulikana kwa jina la ICD. Toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022, ingawa hospitali nyingi duniani bado zinatumia toleo la 10, na namba ninazozitaja hapa ni za toleo hilo. Kwa namba hizo daktari wa Chake Chake na wa Muscat wanaelewana, wizara huhesabu wagonjwa na kupanga dawa, na mifuko ya bima hukagua madai.

Namba tatu, mambo matatu tofauti

M79.1 maana yake ni maumivu ya misuli tu. Hiyo ni dalili, kama ilivyo homa au kikohozi. Si kosa kuiandika siku ya kwanza. Mchumaji karafuu aliyeshinda juu ya mkarafuu, mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha, mtu mwenye malaria, dengi au mafua makali, wote huumwa na misuli na wengi hupona. Mtoto aliyetoka kuumwa mafua anaweza kuamka akiumwa na vigimbi na kutembea kwa ncha za vidole. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki moja. Lakini orodha yenyewe inatahadharisha kwamba msuli uliovimba kwa maradhi usiwekwe chini ya M79.1. Una nafasi yake.

M60.0 ni msuli ulioingiwa na vijidudu. Katika nchi za joto kama yetu, aina inayojulikana zaidi ni usaha ndani ya msuli, unaoletwa mara nyingi na bakteria aitwaye stafilokokasi. Hupenda mapaja, makalio na misuli ya karibu na nyonga, na huwapata sana watoto na vijana. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni ngozi haioneshi kitu. Msuli unauma, ukiushika ni mgumu kama ubao, na homa ni ndogo. Usaha hujikusanya baadaye, mara nyingi kati ya siku ya 10 na ya 21. Ukiachwa, sumu huingia kwenye damu na mgonjwa anaweza kufa.

M33 ni kundi jingine. Hapa hakuna kijidudu. Kinga ya mwili inaishambulia misuli yenyewe. M33.2 ni ya misuli peke yake. M33.0 ni ya watoto na M33.1 ya wengine, na hizo mbili huambatana na vipele au weusi wa zambarau kwenye kope na juu ya vifundo vya vidole. Katika kundi hili udhaifu huzidi maumivu. Mgonjwa anashindwa kuinuka kutoka kwenye mkeka au chooni, kupanda ngazi, kujitwisha ndoo au kuchana nywele. Hali huja polepole, kwa wiki au miezi, na watu wa nyumbani humwambia amekuwa mvivu.

Maradhi haya mawili hayatibiwi kwa dawa moja. Usaha hutakiwa kutolewa, pamoja na antibayotiki kama klokisasilini. Maradhi ya kinga hutulizwa kwa dawa kama prednisoloni, ambayo hupunguza nguvu ya kinga. Akipewa prednisoloni mtu mwenye usaha ambaye hajatibiwa, vijidudu hupata nafasi ya kuenea. Ndiyo maana jina kamili la maradhi lina uzito.

Kwa nini ni muhimu zaidi kisiwani

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 9 wa Fundo, kisiwa kilichoko magharibi ya Pemba, mkabala na Wete. Amegongwa paja akicheza mpira skuli. Baada ya siku chache anachechemea. Kila mtu anasema ni lile pigo. Anachuliwa kwa mafuta ya moto, anapewa dawa ya maumivu, homa inashuka kidogo. Kumbe kugongwa ni jambo linalotajwa mara nyingi kabla ya usaha kuingia msulini, na dawa za maumivu hushusha homa bila ya kugusa usaha. Kuchua nako hakuutoi.

Sasa ni siku ya 12. Anavushwa kwa boti hadi Wete. Huenda akahitaji rufaa ya kwenda Chake Chake, Hospitali ya Abdalla Mzee Mkoani, au Mnazi Mmoja Unguja. Kila kituo ana daktari mpya. Mama ana mtoto mchanga, kwa hiyo aliyefuatana na mgonjwa ni shangazi, naye hajui maumivu yalianza lini. Kinachozungumza kwa niaba ya mtoto ni cheti. Kikisema ‘maumivu ya misuli’ peke yake, anayekipokea anaweza kuanza upya na dawa za maumivu. Kikisema kuna shaka ya usaha kwenye paja la kulia, homa siku 12, mgonjwa atapelekwa mapema kwenye altrasaundi.

Jambo jingine ni mkojo. Pemba tunakijua kichocho, na mkojo mwekundu huhusishwa nacho haraka. Lakini misuli inapoharibika sana, mkojo huwa wa kahawia iliyokoza kama chai ya rangi au soda nyeusi, na kijiti cha kupimia mkojo huonesha damu ingawa chini ya hadubini hazionekani chembe za damu. Ukiwa na mkojo wa namna hiyo pamoja na misuli inayouma au kulegea, yataje yote mawili kwa pamoja. Kuna kipimo cha damu kiitwacho CK ambacho hupanda misuli inapoharibika.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo

- Homa pamoja na maumivu ya sehemu moja ya msuli, hasa ikiwa ngumu au imevimba.
- Mtoto amekataa kukanyaga au anachechemea na ana homa.
- Mgonjwa anapaliwa anapomeza, sauti imebadilika au pumzi ni fupi.
- Mkojo umekuwa wa kahawia iliyokoza.
- Mikono au miguu inaishiwa nguvu.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kuuliza si utovu wa adabu. Sema: “Daktari, hiki ulichoandika ni maradhi au ni dalili?” Akisema ni dalili, uliza: “Asipopata nafuu, nirudi baada ya siku ngapi?” Kisha muombe aandike siku maumivu yalipoanza, upande unaouma na dawa zilizokwisha kutumika, zikiwemo za dukani na za kienyeji. Namba ikibadilika safari ya pili, usidhani umedanganywa. Namba ya kwanza ni ya kile kilichojulikana siku ile.

Weka vyeti vyote pamoja, ndani ya kitu kisichoingia maji wakati wa kuvuka, na vipige picha kwa simu. Picha hizo usizitume kwenye makundi ya WhatsApp; namba ya maradhi ni siri ya mgonjwa kama lilivyo jina la maradhi. Wala usiichukue namba ukaenda nayo duka la dawa kujitibu. Na aliyekwisha kuanzishiwa prednisoloni kwa wiki kadhaa asiiache ghafla, hata akijihisi amepona. Kuiacha kwa pupa kunaweza kumuangusha.

M79.1 kwenye cheti cha siku ya kwanza haina tatizo. Ikiwa bado imeandikwa hivyo wiki ya tatu, na mtoto bado hawezi kukanyaga, mrudishe hospitali na ulizia kipimo ambacho hakijafanyika.