Je, Wajua? Dawa ya Mgongo Yaweza Kuumiza Figo

Mtaani Dallas mjini Embu, na vivyo hivyo Meru, mchumaji wa majani chai au mbeba mizigo akiumwa mgongo anaweza kupitia kwenye kemisti, akanunua diklofenaki au ibuprofeni, na kesho yake akarudia. Maumivu hutulia. Figo nazo?

Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, na karibu yote hurudi mwilini. Damu ikipungua, mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini ili mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo ibaki wazi. Diklofenaki na ibuprofeni huzuia kemikali hizo. Mtu mzima mwenye afya huhimili kwa siku chache. Anayehara, aliyeshinda juani bila maji, mzee au mwenye kisukari yumo hatarini zaidi. Hatari huzidi kwa anayetumia pia enalapril au losartan ya presha pamoja na dawa ya kukojosha. Huyo asimeze hata kidonge kimoja cha diklofenaki au ibuprofeni kabla ya kumuuliza daktari.

Kule India na Pakistan, diklofenaki hiyohiyo waliyotibiwa nayo ng'ombe iliua tumbusi wengi mno waliokula mizoga ya ng'ombe hao: figo za ndege hao zilifeli. Sababu ilithibitishwa mwaka 2004, na India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006.

Figo zinazoharibika haziumi mapema. Kipimo cha damu cha kreatinini huonyesha hali yake, na kwa maumivu ya kawaida parasetamoli, kwa kipimo sahihi, ni salama zaidi kwa figo.